Karavani ya Baba Mkwe

Kabla hujagusa boliti hata moja kwenye karavani kuukuu, ingia ndani, funga mlango, kaa kitandani na unuse. Usicheke. Nimefanya ufundi wa bodi na matela pale Mwanjelwa, Mbeya, mpaka mgongo ukagoma, na sasa nimestaafu, nakaa kibarazani na chai yangu nikiwakosoa nyie mnaopita na magrinda yenu. Pua ndiyo iliyonilisha. Ukisikia harufu ya uyoga, mbao za sakafu zimeoza. Ukisikia harufu ya panya, nyaya zimeliwa. Na ukisikia harufu ya banda, kama niliyoisikia mimi kwa Mzee Mwaipopo, basi kuna kuku analalia chini ya kitanda na hatahama bila kukudonoa.

Kwa ambao hawajaiona, karavani ni kile kijumba cha magurudumu mawili kinachovutwa na gari. Ndani kuna kitanda, kabati, meza ya kukunja na jiko dogo la gesi. Huku kwetu zilikuja na wazungu wajenzi wa barabara. Kambi zilipofungwa, nyingine ziliuzwa, nyingine zikaachwa zikawa mabanda. Mzee Mwaipopo alikuwa mpishi wao, wakaondoka wakamwachia moja. Akaiweka nyuma ya nyumba yake Uyole, katikati ya migomba, ikakaa hapo mpaka paa likaota ukungu wa kijani.

Aliyenifuata gereji alikuwa mwanawe, Ambwene. Anaishi Iringa mjini, anauza nyanya. Mzigo anauchukua Ilula na kuupeleka kokote kunakolipa. Siku hiyo hakuwa na habari za nyanya. Mama yake alishafariki, baba yake anaishi peke yake na anajipikia mwenyewe. Mzee aliteleza jikoni ameshika sufuria ya maji ya moto, akaungua mkono wa kulia, akalala pale sakafuni mpaka jirani alipokuja kuazima jembe.

"Fundi Mgaya," Ambwene akaniambia, "safari nyingine jirani asipohitaji jembe, nitakuja kumzika."

Unaweza kusema, si amchukue tu akae naye Iringa. Mzee alikataa katakata. Atalalaje chini ya paa moja na mkwe wake? Mimi ni Mbena, lakini nimeishi na Wanyakyusa maisha yangu yote, kwa hiyo niwaeleze nyie mliokulia kwenye simu. Kwa mila zao za zamani, mke wa mwanao na wewe hamtazamani wala hamsemezani. Akikuona njiani anakwepa. Ukiingia yeye anatoka, na jina lako halitamki. Siyo ugomvi hata kidogo, ndiyo heshima yenyewe. Wengi siku hizi wameiacha, wanakaa sebuleni pamoja wanaangalia mpira. Mzee Mwaipopo hakuwa mmoja wao, na huwezi kumbadilisha mtu wa umri ule.

Akatoa sharti lake. Atakwenda Iringa, lakini na nyumba yake mwenyewe. Karavani itengenezwe, ivutwe mpaka uani kwa Ambwene, yeye akae humo. Ikifaa, atabaki. Isipofaa, anageuza siku hiyo hiyo, arudi Uyole kwenye sakafu yake, na asisumbuliwe tena na mtu. Ambwene alinieleza hayo ameinamisha kichwa. Nikajua nikiharibu kazi hii sitakuwa nimeharibu tela, nitakuwa nimemrudisha mzee kwenda kufa peke yake.

Fundi aliyenifunza mimi ni marehemu Mzee Nzunda. Alikuwa na maneno machache, na ukivuta kitu kwa nguvu alikuchapa na kitambaa chake cha grisi. "Usivute," alikuwa anasema. "Uliza kwanza kimeshikwa na nini." Mimi, kwa ujuaji wa ujana, siku moja niling'oa dirisha la basi kwa nyundo, kumbe lilishikwa na skrubu moja tu iliyojificha nyuma ya raba. Kioo chote kikanimwagikia mapajani. Mzee Nzunda hakunikaripia. Aliniletea ufagio, akarudi kwenye chai yake.

Ndiyo maana karavani ile niliifungua polepole. Kila kipande nilichotoa nilikilaza chini kwa mpangilio wake, hata kilichobaki vumbi. Nyie mna tabia ya kutupa, mkishatupa mnaanza kukisia. Ubao wa pembeni wa karavani umepinda kwa namna yake na huwezi kuukariri. Ulaze ule uliooza juu ya plaiwudi, uuchore kwa penseli, ndipo ukate. Sakafu nzima niliitengeneza hivyo, kwa plaiwudi ya Mafinga, upande wa chini nikaupaka oili chafu ili maji ya barabarani yasiipate. Kuku tulimwachia kona yake mpaka akatotoa. Mzee alisimamia hilo mwenyewe na hakutaka mjadala.

Beringi za magurudumu zilikuwa zimekufa. Grisi ilikuwa imekauka mpaka nikaikwangua na bisibisi. Sasa sikilizeni, usiende dukani ukaulize beringi ya karavani. Watakutazama tu, halafu watacheka ukishatoka. Osha ile ya zamani kwa mafuta ya taa, tafuta namba iliyochongwa pembeni. Namba ikiwa imefutika, pima tundu la ndani, pima upana wa nje, pima unene, kisha nenda na vipimo vyako. Za kwetu zililingana na za pikapu moja ya zamani iliyojaa kila mtaa wa Mbeya. Springi nazo tulizipata kwenye mkweche wa namna hiyo hiyo, tukabadilisha bushi zake za raba tu.

Paa ndilo lililonitesa. Tone linalokudondokea kichwani halikuingilia juu ya kichwa chako. Liliingilia mbali, likatembea kwenye ubao, likachoka, likaanguka. Kwa hiyo kaa ndani na chaki, mwenzako amwage maji juu kidogo kidogo, aanzie upande wa chini akipanda, na kila unapoona unyevu weka alama. Siku hizi mna silikoni za rangi zote, mnazipaka juu ya uchafu halafu mvua ya kwanza mnalaumu duka. Kwangua puti yote ya zamani iliyozibia maungio mpaka uone bati. Na msichomeke skrubu za chuma kwenye alumini. Vikikutana na maji, alumini inageuka unga mweupe, unabaki na tundu kubwa kuliko ulilokuja kuliziba. Tumieni ribiti za alumini, basi.

Lakini kazi ngumu kuliko paa ilikuwa simu. Nilikuwa na wateja wawili wasioruhusiwa kusemezana. Mmoja alikaa kwenye stuli pembeni yangu, mkono umefungwa bendeji. Wa pili alikuwa Mama Gwakisa, mke wa Ambwene, Mhehe wa Kalenga, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Kwao pia mkwe anaheshimiwa, ila siyo kwa kiasi hicho. Yeye angemkaribisha ndani siku ileile aliyoungua, lakini mzee akishasema hapana, angefanyaje? Akawa ananipigia mimi.

"Kamwene, fundi. Baba amekula?"

"Amekula."

"Kala nini?"

"Viazi."

"Viazi vitupu?"

Mzee alikuwa amesikia yote, maana simu yangu ile haikujua siri. Akajifanya anaangalia migomba. "Waambie watu wa Iringa," akasema, "viazi vilikuwa na maharage." Havikuwa na maharage wala chumvi. Nikawaambia watu wa Iringa vilikuwa na maharage.

Ikawa ndiyo mtindo. Mama Gwakisa alitaka kitanda kiinuliwe kwa sababu magoti ya mzee hayakunji vizuri. Mzee akasema kitanda kiko sawa kabisa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kukiinua kidogo bila Iringa kujua. Mama Gwakisa akatuma pazia. Mzee akasema la nini pazia, halafu akalitundika mwenyewe kwa mkono mmoja. Jambo moja tu ndilo lililogoma, nalo lilikuwa jiko la gesi.

"Fundi, hilo jiko litoe," Mama Gwakisa akasema. "Mkono haujapona, atajiunguza tena. Mimi nipo, nitapika."

Nikamfikishia mzee. "Nimepikia wazungu mpaka barabara ikaisha," akasema. "Jiko likitoka, na mimi natoka." Nikabadilisha mpira wa gesi, nikaweka valvu mpya, nikapitisha povu la sabuni kwenye maungio yote kuona kama linavuja. Iringa nikawaambia suala la jiko linashughulikiwa. Mkishakuwa mafundi wakubwa mtajifunza na nyie kusema maneno hayo.

Tuliondoka Mbeya asubuhi, pikapu ya Ambwene mbele, karavani nyuma inang'aa, mzee kiti cha mbele amevaa kofia yake ya kanisani. Kila tuliposimama, Igawa, Makambako, Mafinga, nilishuka kugusa habu, kile kitovu cha gurudumu, kwa kiganja. Ikiwa vuguvugu, endelea. Ikikuchoma, beringi umeikaza mno, legeza kabla haijakuua. Kuna askari wa barabarani alitusimamisha kwa kuona ajabu tu, akauliza mle ndani kuna nani. Mzee akashusha kioo. "Hakuna mtu, ni nyumba yangu," akamwambia. "Na wewe karibu Iringa." Tulicheka mpaka kilima kilichofuata.

Nyumba ya Ambwene iko mteremkoni kama nyingi za pale mjini. Ua ni mwembamba, geti ni moja, na tela linaingia kwa kusukumwa kinyumenyume tu. Hatukuwa wajinga. Tulikuwa tumepima geti, tumepima urefu wa karavani, tumepima hadi tawi la mparachichi. Mzee akabaki kwenye pikapu pale getini, sisi tukasukuma, ikaingia bila hata kukwaruza rangi. Nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikashusha miguu ya kusimamia, nikaingia ndani kupitia dirishani kwa sababu kitasa nilikuwa nimekifunga kwa ndani kwa waya wa safari, nikaufungua mlango kwa mbwembwe zote.

Nikatazamana uso kwa uso na Mama Gwakisa, amesimama mlangoni kwa jiko lake la nje, mwiko mkononi.

Karavani zile zina mlango mmoja, upande wa kushoto, na upande wa kushoto ndiko kulikokuwa na jiko la mwenye nyumba. Mzee alikataa kulala ndani ya nyumba ili asionane na mkwe wake, na sisi tumempeleka mpaka kwenye sufuria za mkwe huyo. Tulipima kila kitu, hakuna aliyejiuliza mlango utatazama wapi. Mama Gwakisa alielewa kabla yetu. Aliweka mwiko chini, akapita nyuma ya kanga zilizoanikwa, akaenda kwa jirani.

Mzee naye aliona yote kwenye kioo cha pembeni cha pikapu. Akapandisha kioo cha mlango.

"Ambwene," akasema mwanawe alipomfuata, "funga tela. Turudi."

"Baba umechoka, shuka kwanza unywe chai."

"Nishuke niende wapi? Kila asubuhi nikifungua mlango nimfukuze mtoto wa watu jikoni kwake?"

Ambwene alirudi, akakaa juu ya tairi la karavani, akalia. Mtu mzima mwenye magari yake, analia mchana kweupe, watoto wa jirani wanamtazama. Niliumia sana. Nimeona bodi zikikunjwa na malori na watu wakitolewa humo, lakini yule baba aliyejifungia kwenye gari na mwanawe juu ya tairi sikuweza kuwatazama. Nikachukua tochi nikaingia kwenye karavani kwa sababu sikujua kufanya kitu kingine.

Nikagonga kuta kwa kifundo cha kidole. Ukigonga ukuta wa karavani unasikia nguzo zilipo. Mbele kulikuwa na dirisha kubwa. Nyuma, kitanda. Upande wa kulia, gurudumu na kabati, kabati ambalo ndilo linashikilia paa. Palibaki sehemu moja tu ya kutosha mlango, kati ya nguzo mbili nzuri. Hapo ndipo liliposimama jiko la gesi.

Nikaenda nikagonga kioo cha pikapu. Kikashuka kidogo.

"Mzee, naweza kuuhamisha mlango, ukatazama ukuta wa ua upande ule, kusiko na mtu. Lakini jiko litoke."

Akautazama mkono wake wenye bendeji.

"Na lingine," nikasema, maana mteja hafichwi ukweli wa kazi. "Mlango ule ukihamia upande wa pili, bawaba zake zinakaa nyuma. Barabarani upepo utaufungua na kuung'oa. Ukikubali, karavani hii haitavutwa tena kwenda mbali."

Kabla hajajibu, simu yangu ikaita. Mama Gwakisa, kutoka kwa jirani. Alikuwa anahema. "Fundi, mwambie baba asirudi. Mimi ndiye nitahama. Nitapikia huku kwa jirani, nimeshaongea naye, amekubali. Jiko lake abaki nalo, mlango ubaki palepale. Asirudi tu."

Kama nilivyosema, simu ile haikujua siri. Mzee alisikia kila neno. Akavua kofia, akaiweka magotini, akaifutafuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Ahame jiko lake," akasema taratibu. "Kwa ajili yangu."

"Ndivyo anavyosema."

"Waambie Iringa wasihamishe kitu. Toa la kwangu."

"Na safari, mzee?"

"Nani amekwambia nina safari?" Akafungua mlango wa pikapu, akaanza kutafuta ardhi kwa mguu. Nilimshika bega akashuka. Akaniuliza, "Kupika, lakini, anajua?"

"Sijui mzee, sijawahi kula kwake."

"Siku zote hizo mnaongea kwenye simu, hukuuliza?"

Mzee akalala kwa mzee wa kanisa, nyumba ya tatu, mpaka tulipomaliza. Mkija kukata mlango kwenye ukuta wa namna hiyo, fremu kwanza, grinda baadaye. Funga mbao zako za juu na za pembeni ndani, uzikaze kwenye nguzo, ndipo ukate bati. Ukikata kwanza, paa linakaa chini sentimita mbili na mlango hautafunga maisha. Ule mlango wa zamani niliuhamisha wenyewe, na bawaba zake. Lile pengo la mlango lililobaki upande wa jiko la Mama Gwakisa nililiziba kwa plaiwudi ndani, bati nje, na katikati nikajaza magodoro ya sponji, nikayasokomeza mpaka kona za mwisho. Niliupenda sana ukuta ule. Mama Gwakisa angeweza kutwanga mahindi nje, mzee asisikie hata pumzi.

Mzee akahamia mchana. Mama Gwakisa akaweka sahani kwenye ngazi ya mlango mpya, akagonga bati, akazunguka haraka upande wa pili. Mzee akasubiri, akafungua, akachukua. Ambwene na mimi tulikaa chini ya mparachichi, tunasikiliza kijiko. Sahani ikatolewa nje tupu, imefunikwa vizuri na kitambaa.

Nilikuwa nafungasha vifaa vyangu mzee aliponiita ndani. Alikuwa amekaa kitandani, ameelekea ule ukuta niliouziba.

"Fundi, hapa umejaza nini?"

"Sponji, mzee. Kelele zisipite."

"Nilipokuwa kwa mzee wa kanisa nilimsikia tangu kule. Anaimba akipika. Ana sauti kubwa kweli yule mtoto." Akaugusa ukuta kwa mkono wenye bendeji. "Hapa nimekaa karibu naye, sisikii kitu. Ni kama niko Uyole."

"Nilidhani ndivyo mnavyotaka."

"Kumwona siwezi. Kumsikia nani alinikataza?"

Nikatoa ribiti zote nilizozipiga asubuhi. Nikavuta magodoro moja moja, nikamrundikia Ambwene nje, nikarudisha bati peke yake na plaiwudi nyembamba. Nilipomaliza, Mama Gwakisa alikuwa amerudi jikoni kwake. Aliona sponji pale chini, akaniangalia, akaangalia ule ukuta. Akainamia sufuria yake, akaiambia kwa sauti ile ya Kalenga:

"Leo nilizidisha chumvi. Sijui kama aliyekula ameona."

Kisha ukuta ukajibu.

"Aliyekula hajaona kitu. Amemaliza."

Mama Gwakisa akafunika mdomo kwa kiganja, macho yakamjaa machozi. Akakoroga kwanza, ndipo akasema, "Jioni sijui kupikwe wali au ugali."

"Aliyekula," ukuta ukasema, "anapenda ugali."

Nilisimama katikati yao na bunduki yangu ya ribiti, nikisubiri mmoja wao aseme, fundi, mwambie. Hakuna aliyesema. Nikafunga sanduku langu, nikamuaga Ambwene, nikaenda kutafuta basi la Mbeya.